Kitabu cha Kufungia Karanga

Habari aliileta Mama Abeli, na aliileta kama anavyoleta habari zake zote, ndoo ya maji ikiwa kichwani na haraka ya kuitua hana.

"Mama Salha, umesikia? Yule bubu wa karanga kachoma vitabu vya mdogo wake. Boksi zima. Kamwagia mafuta ya taa, kawasha, kajikalia pembeni anaota moto."

Rukaya alikuwa anasuuza sare za shule za binti yake. "Nani kaona?"

"Watu wameona." Mama Abeli hakuwa mtu wa kuulizwa nani kaona. "Wivu huo, mwenzangu. Mdogo mtu kasoma chuo kule Chimwaga mpaka kamaliza, kaandika kitabu, na dada yake kamtia humo humo ndani na picha zake, kwa mapenzi tu. Badala ashukuru, anatia kiberiti. Mungu alijua anachofanya alipomfunga mdomo. Angekuwa nao, Ihumwa hii tusingekaa."

"Mdomo anao, Mama Abeli."

"Wa kulia ugali."

Akaenda zake, maji yakimdondokea begani, akaipeleka habari nyumba ya pili, na bila shaka huko vitabu viliongezeka vikawa maboksi mawili.

Rukaya alianika sare ya mwisho akijua kwamba habari ile ni ya uongo. Hakujua kwa kumwamini Yasinta kwa wema, maana wema si jambo la kwanza mtu analoliona kwa Yasinta. Alijua kwa sababu muuza karanga hachomi karatasi. Angeweza kumchoma Mama Abeli, karatasi asingeichoma. Akawachukua wanawe wawili, Salha wa darasa la pili na Hanifu ambaye bado hajaanza shule, wakaenda kuangalia.

Walimkuta kwenye kibaraza cha chumba chake, karai likiwa juu ya jiko la mkaa, anazungusha karanga katika mchanga wa moto. Pembeni kulikuwa na sinia, na juu ya sinia karanga zilizokwisha kufungwa katika vipande vya karatasi vilivyokunjwa mfano wa pembe. Kila pembe ilibeba kipande cha picha. Hapa jicho moja linatoa tone la bluu. Hapa nusu ya gauni la njano. Hapa tawi la mti na kandambili ya mtoto. Pembe moja ilikuwa na maneno "alimpenda sana ingawa", na sentensi ikaishia ndani ya karanga.

Rukaya alicheka kabla hajataka kucheka.

"Wanasema umevichoma," alimwambia kwa mikono.

Yasinta alimtazama kama mtu aliyeambiwa kala viatu. "Karatasi nzito namna hii?" mikono yake ilijibu. "Haipitishi mafuta. Tangu watu wa mradi wa vyoo waondoke sijapata karatasi nzuri kama hii."

Yasinta ni binti wa kwanza wa mzee Matonya, mkulima wa uwele na mfugaji wa mbuzi katika kijiji kimoja upande wa Chamwino. Homa ilimpata akiwa ameshajua kuwaita mbuzi kwa majina, na ilipomwacha iliondoka na masikio. Kwao hawakukaa matanga kwa ajili hiyo. Mbuzi walikuwa bado wanataka kuchungwa, na mbuzi hawaulizi kama anayewachunga anasikia; wanaangalia kama ana fimbo. Baadaye akazaliwa Lea, na mama yao akiwa shambani, mgongo wa Lea wa kukaa ulikuwa mgongo wa Yasinta. Humo mgongoni Lea alijifunza kuomba maziwa kwa mkono kabla hajajua kumwita mama kwa mdomo. Wakawa na lugha yao, ya mikono na nyusi na kusukumana viwiko, na waliitumia kwa kazi ambayo watoto wote huitumia lugha: kuiba. Yasinta aliingia ghalani kwenye karanga za mbegu, Lea akasimama mlangoni, na akisikia nyayo za mtu, anapunga kitambaa. Walikamatwa pamoja na kuchapwa pamoja, ila Yasinta kwa ukubwa wake alichapwa zaidi. Mpaka leo anayasimulia mapigo yale kwa fahari.

Halafu zikaja shule. Yasinta akapelekwa ya bweni ya viziwi, mbali, ambako alikuta watoto wengi wenye mikono ya kusema na akajua kwa mara ya kwanza kuwa anaweza kutukanana na mtu asiye ndugu yake. Lea akaenda njia nyingine, ya sekondari mpaka chuo. Kila likizo mikono ya Lea ilirudi nyumbani na maneno machache kuliko likizo iliyopita, mpaka yakabaki matatu: njoo, kula, nzuri. Kwa maneno hayo matatu unaweza kumfuga kuku. Kuzungumza na dada yako, hapana.

Reli mpya ilipoanza kujengwa Yasinta akahamia Ihumwa na karai lake, na hajaondoka. Watu wanamwonea huruma na yeye anawaonea kinyaa, na katika biashara hiyo mwenye faida ni yeye. Mteja anayekuja kumpigia kelele sikioni, kana kwamba uziwi ni mlango uliokwama tu unahitaji kusukumwa, anafungiwa karanga za chini, zile zilizovunjika. Mhubiri mmoja alikuja akamtia vidole masikioni akaomba kwa muda mrefu. Yasinta alisubiri midomo ifunge, kisha naye akamtia mhubiri vidole masikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa vile vile. Kicheko chake siku hiyo kilifika barabara ya lami. Maana anacheka kwa sauti, sauti kubwa isiyo na adabu, na wenye masikio ndio wenye kazi ya kuivumilia.

Rukaya alimjua kwa sababu ya Hanifu. Rukaya mwenyewe ni mtoto wa mjini, wa watu wa msikiti na duka, aliyeishia darasa la saba na kuolewa na Hamidi muuza vipuri vya pikipiki. Hanifu alipofika umri wa kuita baba na asiite, mashangazi walileta ushauri wao wote. Mmoja alitaka mtoto akatwe kilimi. Mwingine alisema aachwe, wanaume wa ukoo wao huchelewa kusema, kana kwamba kuna aliyewahi kuwanyamazisha. Hospitali ikasema hasikii, ikampa tarehe ya kurudi. Na kati ya tarehe na tarehe, Rukaya alikuwa akimbeba mwanawe barabarani kama mtu aliyebeba yai lenye ufa.

Siku moja wakapita kwenye karanga. Hanifu akanyoosha mkono kuitaka pembe moja. Yasinta akaisogeza mbali, akamwonyesha mkono unavyosema karanga, akangoja. Mtoto akatazama, akauiga. Akapewa. Wiki haikuisha akawa anadai nyongeza. Rukaya alilia pale pale barabarani, na Yasinta akamtazama kwa dharau, kama mtu anayetazama maziwa yanafurika na mwenyewe yupo, kisha akamwonyesha na yeye mkono wa karanga. Hakumpa mpaka aliposema.

Ndivyo Rukaya alivyojifunza. Mikono yake ilikuwa mizito na ya aibu mwanzoni. Yasinta alikuwa akiigiza makosa yake mbele ya wateja. Lakini alijifunza, na Salha akajifunza haraka kuliko wote, maana Salha alikuwa na sababu: alikuwa anataka kumtukana mdogo wake na kutukanwa. Jioni wale watoto wawili waligombana uani kwa mikono, kwa kasi ambayo mama yao hakuweza kuifuata, na Rukaya akiwa jikoni, akiona vivuli vyao ukutani, alijihisi kuwa tajiri.

Kisha vikaja vitabu.

Karatasi Yasinta huletewa na Mazengo, mzee wa mkokoteni anayezunguka ofisi za mjini na kule chuoni Chimwaga akikusanya wanachotupa. Huleta mitihani iliyokwisha kusahihishwa, makabrasha ya semina, na vitabu vya watoto vya miradi iliyokwisha. Miradi hupenda vitabu vya picha. Ikifika huchapa, ikiondoka hutupa. Kila kitabu chenye mtoto kiziwi ndani yake Yasinta alikitenga, akakitundika kwenye waya chumbani mwake kama nyama inayokaushwa, na Rukaya akija alikishusha wakakipitia pamoja.

Rukaya mwanzoni alivifurahia. Rangi zilikuwa nzuri, na aliona ni heshima kuona mtoto kama wake kwenye kitabu. Ilimchukua muda kuona alichokuwa anakiona Yasinta.

Kulikuwa na kitabu ambamo kiziwi anagongwa na treni kwa kutosikia honi, ili watoto wengine wajifunze kuwahurumia. "Mimi nimekaa kando ya reli tangu haijawa reli," Yasinta alisema. "Waliokaribia kugongwa hapa wote walikuwa na masikio mazima na pombe ya kutosha." Kulikuwa na kingine ambamo kiziwi anapewa kidude cha kuweka sikioni, anasikia ndege, anatabasamu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yasinta alimwamuru Rukaya aparudie kwa mikono, kwa mara ya kwanza maishani, kisha akacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kulikuwa na kiziwi mpiga ngoma hodari, ambaye kijiji kizima kinampenda baada ya kugundua anapiga ngoma. Kabla ya ngoma hawakuwa na haja naye. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kumletea Yasinta ngoma ya muheme kwa sababu ya kitabu kama hicho. Aliigeuza akaifanya kiti.

Na katika vyote, kitabu ni cha mwenzie. Anayesimulia ni kaka au dada anayesikia, ndiye mwenye jina, ndiye anayejifunza jambo mwishoni. Kiziwi amewekwa pale kama chumvi kwenye mchuzi wa mtu. Hasemi neno tangu jalada mpaka jalada. Haibi sukari. Hapigani, hasingizii, hajikojolei akamsukumia mwenzie lawama. Rukaya, ambaye asubuhi ile alikuwa amemtoa Hanifu kwenye mkebe wa sukari mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri, alikitazama kile kiumbe kitakatifu kwenye picha akajiuliza kimezaliwa na nani.

Cha Lea kilikuwa kipya, hakikupitia kwa Mazengo. Lea mwenyewe alileta boksi, amwachie dada yake awagawie watoto wa jirani. Kilianza na maneno "Nina dada yangu hasikii." Dada huyo amekaa chini ya mti, analia. Ukurasa wa pili bado amekaa na bado analia. Anakuja Lea wa kwenye picha, mkubwa kuliko yeye, gauni la njano, anamshika mikono yote miwili na kumtazama kwa kichwa kilichoinamia upande. Anamshika hivyo wakienda kisimani. Anamshika hivyo kanisani. Anamshika hivyo jua likizama. Watoto wengine wanacheza, Lea anaacha mchezo kwa ajili yake, na mwisho kuna maneno makubwa yanayosema upendo hauhitaji masikio.

"Anamziba mdomo," Yasinta alisema siku ile ya kwanza. Alimwonyesha Rukaya kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. "Tazama mikono. Hapa imeshikwa. Hapa imeshikwa. Tangu mwanzo mpaka mwisho ananiziba mdomo huku anatabasamu."

Rukaya alirudi kwenye kurasa zile akaona ni kweli. Hapakuwa na picha hata moja ambayo mikono ya yule mtoto ilikuwa huru.

Yasinta alimwandikia mdogo wake kwenye simu. Aliandika: kitabu chako ni cha uongo. Lea akamjibu kwa picha ya moyo. Aliandika: mimi ndiye niliyekubeba wewe, si wewe mimi. Ikaja mioyo mingi na ua. Aliandika kwamba atavifungia karanga, na Lea akaleta kikaragosi kinachocheka mpaka machozi, na maneno "dada yangu bwana". Hapo Yasinta akaweka simu chini, akachukua boksi, akaanza kuchana.

Kama ingeishia hapo, Rukaya angecheka tu na kununua karanga. Lakini nakala zilikuwa zimeshafika shuleni, na Salha alirudi nayo moja.

Kwanza Rukaya alidhani binti yake amekuwa mpole. Salha, ambaye mpaka juzi alikuwa akigombana na Hanifu kama paka waliotiwa gunia moja, akaanza kumtembeza taratibu. Wageni wakija husimama mbele yake na kusema kwa sauti nyembamba, "Mdogo wangu hasikii, ila sisi tunampenda." Hamidi alifurahi, akasema shule inamfunza mtoto. Kisha siku moja mpira wa Hanifu ulipanda juu ya bati. Hanifu akamkimbilia dada yake kumwambia. Salha akamshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa upande, akamtazama. Mtoto akavuta, dada akashika zaidi, kwa upole, kama kwenye picha. Mtoto alikuwa na neno lote, mpira, bati, panda, limemjaa, na hana pa kulitolea. Akamng'ata.

Alama za meno zilibaki mkononi mwa Salha. Na Salha hakumrudishia. Alisema, "Simlaumu, maskini," akaenda kuketi. Rukaya aliogopa neno lile kuliko alivyoyaogopa meno. Zamani Salha angempiga kofi, wangeangushana, na dakika ile ile wangekuwa wanapanga namna ya kuupata mpira. Sasa alikuwa anamjibia Hanifu kabla ya kumuuliza mwenyewe. Mikono yake ilikuwa inaanza kupoteza maneno. Rukaya aliona wazi, kama mtu anavyoona ufa kwenye mtungi wake mwenyewe, kwamba binti yake anaacha kuzungumza na mdogo wake ili apate kumpenda. Na Hanifu hakuwa na mtoto mwingine wa kuzungumza naye Ihumwa nzima.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake pale kibarazani, wakati gari jeupe liliposimama na Lea akashuka. Habari ya moto ilikuwa imeshafika mjini.

Lea ni msichana mzuri, mwenye manukato mepesi na maneno mepesi. Alipiga goti akamwamkia dada yake kwa mdomo, "Shikamoo dada," akisubiri kidogo kana kwamba safari hii litajibiwa. Kisha akaliona sinia. Akachukua pembe moja, akaigeuza, akaliona gauni lake la njano limejaa karanga. Uso ulimbadilika, na Rukaya akadhani sasa ameelewa.

"Jamani," Lea akasema. "Kumbe hakuchoma. Ameamua kuvisambaza kwa njia yake. Kila mteja anaondoka na ukurasa." Akatoa simu akapiga picha sinia. "Wale wa ofisini watalipenda hili. Mama Salha, hujambo dada? Naomba unisaidie kuongea naye, mikono yangu imekuwa mizito siku hizi."

Yasinta hakungoja. Alikung'uta mchanga, akasimama, akasema kwa mikono mikubwa, ya mtu anayesema na watu wa mbali.

"Mwambie nimekisoma. Mwambie yule aliyemchora si mimi, ni mbuzi mgonjwa aliyevishwa gauni. Mimi sikuwahi kukaa chini ya mti nikingoja mtu anipende, nilikuwa na mbuzi wa kuchunga na yeye mwenyewe mgongoni, ananikojolea. Mwambie ametafuta umaarufu kwa kunizika nikiwa hai, na kaburi lenyewe kalipaka njano."

Lea alikuwa anamtazama Rukaya kwa macho ya kungoja, ananukia, anatabasamu. Na Rukaya alilelewa katika nyumba ambayo mgeni akiwa uani hata mdaiwa huambiwa karibu. Maneno yalimfika kooni yakiwa na miiba, akayatoa yamemenywa.

"Anasema amekisoma. Anasema, picha hazijafanana naye sana. Anakumbuka alivyokuwa akikulea, alivyokuwa akikubeba."

"Ananikumbuka nikiwa mdogo." Macho ya Lea yalijaa machozi. "Dada jamani. Basi mwambie, Jumamosi kitabu kinasomwa shuleni, wageni watakuja. Nataka yeye akae mbele kabisa. Na nilikuwa nakuja kwako pia, Mama Salha. Picha ya mwisho tunataka iigizwe na watoto hai. Nimesikia habari za wanao. Salha atamshika mdogo wake mikono jukwaani, hivi, wasimame tu kimya, watu wapige makofi. Hakuna cha kukariri. Kitabu cha pili tunakiandika sasa, kitakuwa cha kaka na dada, huenda ukawaona humo."

Salha aliyasikia hayo, akanyooka kama aliyeitwa jina.

Rukaya alimpelekea Yasinta habari ile yote kwa mikono, bila kupunguza. Kwenda upande huo hakuwahi kupunguza. Hakujua kwa nini. Yasinta alimtazama Hanifu aliyekuwa akijaza mchanga kwenye kopo, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Mwambie kukaa mbele akakae na mti wake. Na akimpandisha mtoto huyu jukwaani na mikono imeshikwa, na mimi nitapanda. Nitamziba yeye mdomo kwa viganja vyangu viwili mbele ya wageni wake, taratibu, kwa upendo, mpaka wamalize kupiga makofi. Tuone kama atatabasamu."

"Anasemaje?" Lea akauliza.

Rukaya alitafuta mahali pa kulishika lile neno, akaona kila upande unakata. "Anasema, watoto wakipanda, na yeye atapanda."

Lea akafunika uso kwa viganja. Kisha akamrukia dada yake shingoni, akamkumbatia pamoja na majivu na mchanga wake, akambusu shavuni. Akasema ngoja, ana fulana za watoto kwenye gari, zina jalada la kitabu kifuani, wajaribu kabisa sasa hivi. Akaenda garini anakokota kandambili zake nzuri.

Yasinta alibaki amesimama, mikono imening'inia, busu limemkaa shavuni kama tope. Alimwangalia mdogo wake kwa nyuma akifungua mlango wa gari. Kisha akamwangalia Rukaya.

"Mtu niliyemwambia maneno yale hanikumbatii," alisema. "Umemwambia nini?"

Rukaya alitazama karai.

"Nakuuliza wewe."

"Nimemwambia picha hazijafanana nawe," Rukaya akajibu, na mikono yake ikarudia ule uzito wa mwanzo, wa mwanafunzi. "Nimemwambia utapanda. Mengine nimeshindwa. Ni mgeni, dada. Ni ndugu yako. Alikuwa anacheka."

Yasinta hakukasirika kama anavyokasirika siku zote, kwa vishindo.

"Kwa hiyo na wewe una kitabu chako," alisema. "Yeye kanichora nalia. Wewe umenichora nacheka. Miaka yote nimesema na watu kwa mdomo wako, sasa nashangaa ni mangapi yaliyofika. Yule mwenye nyumba. Yule askari wa soko. Wote waliniaga vizuri sana, nikadhani wameniogopa."

Rukaya alitaka kusema kwamba ni huruma tu, na akaliona neno lile kabla halijamfika mikononi, akalirudisha.

Nyuma yake Salha alikuwa ameshaanza mazoezi. Alimtoa Hanifu kwenye mchanga, akamshika mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Kopo lilianguka. Hanifu alivuta, akakanyaga, akamtazama mama yake, kisha akamtazama Yasinta, mdomo wazi, vidole vikihangaika ndani ya vidole vya dada yake kama kitu kilichofungiwa. Kule barabarani Lea alifunga mlango wa gari, akawa anarudi na fulana za njano begani, anawapungia mkono.

Rukaya alikwenda akavifungua vidole vya binti yake, kimoja kimoja, bila kumgombeza. Aliporudi, Yasinta alikuwa amejifuta mikono kwenye kanga, amevua bangili, kama anavyofanya anapokuwa na mengi ya kusema. Katika ujirani wao wote Rukaya hakuwahi kumwona akiomba kitu kwa mtu, hata chumvi.

"Nakuomba," Yasinta alisema. "Nitaanza upya, kuanzia mbuzi mgonjwa. Yatoe yalivyo. Usimwite dada, usiweke samahani, usitazame chini kama unayetafuta sindano. Mtazame usoni, maana nataka niyaone yakimwingia."